Dana hadi Petra kwa miguu: badilisha mwezi

Ndugu, umeuliza kama siku nne mwezi Agosti zinatosha kutembea kutoka kijiji cha Dana hadi Petra, mji wa kale uliochongwa miambani, kule Jordan. Ongeza ya tano, lakini kinachonitia hofu hasa ni huo mwezi. Joto la mabondeni ni kali na maji ni ya shida. Nenda Aprili au Oktoba, pamoja na mwongozaji Mbedui. Sehemu kubwa ya njia haina alama, naye hujua pa kupata maji.

Kabla ya kuingia korongoni, uliza pia hali ya hewa ya milimani. Mvua ya mbali huweza kukuletea mafuriko wakati juu yako hakuna hata wingu. Mwaka 1963 mafuriko ya ghafla yaliua watalii zaidi ya 20 ndani ya Siq, njia nyembamba ya kuingilia Petra. Wanabataea, watu wa kale waliojenga Petra, waliijua hatari hiyo: walijenga bwawa na kuchimba handaki la kuyageuza maji, na handaki hilo lipo hadi leo.

Feynan, iliyo njiani baada ya Dana, usipapite mbio. Taka nyeusi za uyeyushaji shaba wa kale bado zimetapakaa. Tiketi ya Petra itafute mapema, maana utaingilia nyuma, upande wa Ad-Deir, jengo kubwa lililochongwa mwambani.