"Kusoma hisia" au "kutambua mihemko"?

SWALI: Assalamu alaikum, Mwalimu. Kwetu Wete, nasomea kompyuta. Naandika ripoti ya programu inayochambua umeme wa ubongo ili kujua mtu amefurahi au amekasirika. Niliandika "kusoma hisia". Msimamizi wangu akakata, akaweka "kutambua mihemko". Lipi sahihi?

JIBU: Waalaikumu ssalamu, mwanangu. Kwenye kitenzi msimamizi wako kapata. Kwenye nomino sikubaliani naye.

Unakitambua kitu ulichokwisha kuonyeshwa alama zake. Programu hizo nazo hupewa kwanza mifano yenye majina, kisha zikalinganisha ishara mpya na ile mifano. Ukisema "kusoma", msomaji atadhani mashine imeingia moyoni mwa mtu. Haikuingia. Elektrodi, vile vipande vidogo vinavyobandikwa kichwani, hupima umeme mdogo mno, wa sehemu za milioni za volti, ule ule aliourekodi daktari Hans Berger kwa binadamu mwaka 1924 huko Ujerumani.

Tuje kwenye mhemko. Aliyehemka haulizwi: sauti imempanda, mikono haitulii. Lakini mfiwa aliyejiinamia kimya barazani hakuhemka, na hisia zimemjaa tele. Neno "mihemko" linamtoa huyo nje, ilhali huzuni yake ni miongoni mwa mambo programu yako inayoyatafuta. Tazama data za DEAP za mwaka 2012, mkusanyiko wa rekodi za umeme wa ubongo unaotumiwa na watafiti wa hisia. Watu 32 walitazama video 40 za muziki, kila moja ya dakika moja, na kila baada ya video wakajipimia wenyewe kwa alama 1 hadi 9. Waliulizwa, pamoja na mengine, kama walichohisi ni kizuri au kibaya, na kiliwasisimua kiasi gani. Hilo la pili ndilo mhemko. Basi mhemko ni kipimo kimojawapo cha hisia. Andika "kutambua hisia", na ndani ya ripoti utaje "kiwango cha mhemko" panapohusika. (Usiandike "hisi", hizo ni kuona, kusikia na wenzao.)

Kwenye matokeo andika "programu imekadiria huzuni", si "imegundua", maana hata hilo jina la huzuni limetoka kwa mtu aliyejaza fomu ya kujipimia. Na fomu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Ukiwapimia watu wa huku, mtu atakwambia "nimeona uchungu", na uchungu huo huenda ni hasira, huenda ni majonzi. Hasira, hamaki na ghadhabu nazo hazilingani. Mweleze kila neno kwa mfano kabla hujambandika elektrodi.