Kabla ya kuhesabu makombora, tazama pua

Juzi usiku kijana mmoja kanitumia ujumbe: "Kaka shikamoo. Nataka niwe mchambuzi wa ndege za kivita kama wewe. Hivi J-7 ya Mchina ikikutana na F-16 ya Mmarekani, nani mbabe?"

Hayo maneno "kama wewe" niliyasoma mara tatu, sitaficha. Lakini swali lenyewe lilinitonesha kidonda, na kwa kuwa najua wengi wenu mnaosoma hapa mnaitamani kazi hii, acha niwaambie kilichonipata.

Miaka kadhaa nyuma nilialikwa kwenye kipindi cha asubuhi cha redio moja ya hapa Dar. Siitaji. Nikaenda na daftari langu, shati limenyooshwa, nikaanza kutiririka. J-7 ni mtoto wa MiG-21. Warusi waliwapa Wachina leseni mwaka 1961, urafiki ukavunjika, Wachina wakabaki wanapambana na michoro pungufu mpaka ndege ikaruka kwa mara ya kwanza Januari 1966. Hadi hapo niko salama. Kisha nikaongeza, kwa sauti ile ya mtu aliyezoea kusikilizwa, kwamba rubani wa J-7 za mwanzo humwona adui kwenye rada akiwa umbali wa kilomita mia.

Simu ikaingia. Mzee mmoja, akajitambulisha kuwa fundi mstaafu wa ndege. Akauliza kwa upole: "Mwanangu, hiyo rada umeiweka wapi?"

Nikajibu, puani.

"Pua ipi? Pale mbele si pana tundu?"

Mtangazaji alicheka hadi akakohoa. Kipande kile walikirusha wiki nzima kama tangazo la kipindi. Hawakuniita tena, na nauli niliyoahidiwa sijaiona mpaka leo.

Miezi iliyofuata niliilamba tu aibu yangu, haina simulizi. La maana ni kwamba nilimtafuta yule mzee, akanikaribisha barazani kwake. Hakuniletea kitabu wala mchoro. Alikunywa chai ikaisha, akakilaza kikombe cha bati ubavu, akachukua ndimu na kuishikilia katikati ya mdomo wa kikombe.

"Kikombe ndiyo ndege," akasema. "Hewa ya injini inapita hapa, kati ya ndimu na ukingo. Rada yako yote lazima ienee ndani ya ndimu. Haya, weka antena kubwa humo."

Nilikaa kimya kwa mara ya pili mbele ya mtu yuleyule.

Ile ndimu ndiyo koni inayokaa katikati ya tundu la pua, na ndani yake J-7 za mwanzo zilibeba rada ndogo ya kupimia umbali tu. Haikutafuta mtu. Ilimpimia rubani shabaha iliyo mbele ya mizinga yake, kilomita chache, basi. Anayetafuta adui alikuwa chini: rada kubwa ya ardhini na muongozaji anayemwambia rubani kwa redio, pinda kulia, panda, yuko mbele yako. Kilichobaki ni macho na kombora kama PL-2 linalofuata joto la injini. J-6 za kawaida, zilizotokana na MiG-19, nazo zilikuwa hivyohivyo, mdomo wazi mbele.

Sasa mtaniambia, si waongeze tu nguvu ya umeme? Hapa ndipo wachambuzi wengi wa simu ya mkononi wanapozama. Mawimbi ya rada hutawanyika yakienda na hutawanyika tena yakirudi, kwa hiyo ukitaka kuona mbali mara mbili kwa antena ileile, unahitaji nguvu mara 16. Lakini ukiongeza kipenyo cha antena mara mbili, umbali nao unakua mara mbili, bila kugusa nguvu. Upana wa pua una thamani kuliko wati. Ndimu ni ndimu.

Wachina wenyewe walilijua hilo mapema kuliko mimi. J-8 ya kwanza iliruka mwaka 1969 ikiwa na tundu palepale puani, kama J-7 iliyonyooshwa na kuwekewa injini mbili. Ndipo wakaja na J-8II, iliyoruka mwaka 1984, matundu ya hewa yamehamishiwa ubavuni na pua yote imeachiwa rada. Walimhamisha mpangaji chumba kizima! Na bado rada waliyokuwa nayo haikuwaridhisha, wakaenda Marekani, kwa kampuni ya Grumman, wafungiwe rada ya jamii ya ile ya F-16. Mradi ukaitwa Peace Pearl, yaani Lulu ya Amani. Yakatokea mauaji ya waandamanaji ya Tiananmen, Beijing, mwaka 1989, Marekani ikausimamisha, na mwaka uliofuata China ikajitoa. Lulu ikabaki baharini.

Wenye J-7 nao hawakulala. F-7M, toleo la J-7 la kuuza nje, ilifungwa rada ya Kiingereza, ya kupimia umbali vilevile. Pakistan wakaweka Grifo ya Kiitaliano kwenye F-7P zao, hii ikiwa rada inayotafuta kweli, ila imebanwa ndani ya koni. Ndege ilitengenezwa hadi mwaka 2013, kwa hiyo mtu akikwambia "J-7" bila kutaja toleo, hajakwambia kitu.

Basi ushauri wangu ndio huo: tazama pua. Ukipata picha ya ndege, tazama pua kwanza. Kisha uliza ndani yake mna nini, maana Q-5, ndege ya Mchina ya mashambulizi ya ardhini, ina pua nzuri iliyochongoka, matundu yako ubavuni, na nyingi ziliruka bila rada kabisa. Pua tena.

Na mwache kunakili majedwali ya intaneti, jamani. Mnashindanisha mwendo na idadi ya makombora kama watoto wanaoshindanisha baba zao. Mtu hajui hewa inaingilia wapi, anatoa hukumu nani kamuua nani! Heshimuni mafundi. Wazee waliofungua zile ndege kwa spana bado wako mitaani mwetu, wanacheza bao, na hakuna anayewauliza. Mimi nilisubiri mpaka nichekwe hewani.

Yule kijana nilimjibu usiku uleule: "Marahaba. Hiyo J-7 unayoisema ni toleo gani, na pua yake ikoje?"

Tiki mbili za bluu, na kimya. Leo siku ya tatu.