Maswali na majibu: Badilisha waya kabla hujaifuta simu

Barua nyingi nilizopokea kutoka Katuba na Ruashi hapa Lubumbashi, na hata Kipushi na Likasi, zinahusu jambo moja: simu imeunganishwa na kompyuta mpakato kwa waya, na kompyuta haioni kitu. Nimechagua zile zinazoweza kuwafaa wengi. Kwa mara nyingine naomba kila anayeuliza ataje aina ya simu yake, mfumo wa kompyuta yake, na kama ameshajaribu waya mwingine, kwa maana bila hayo matatu hata fundi hodari atakuwa anabahatisha.

Simu yangu ya Android inachaji vizuri nikiichomeka kwenye kompyuta, lakini sioni faili zozote. Je, tundu la simu limekufa? (Msomaji, Katuba)

Yaelekea halijafa. Waya wa kawaida wa USB una nyaya nne ndani yake, mbili za kupitisha umeme na mbili za kupitisha data. Watengenezaji wa vitu vya bei ya chini huacha kuziweka zile mbili za data ili kupunguza gharama, na kwa kuwa simu inachaji, mnunuzi hana sababu ya kushuku lolote. Nyaya za namna hiyo huja pamoja na tochi, redio ndogo na spika za kuchaji, kisha huishia nyumbani zikitumiwa kwa kila kazi. Nyingine zimelala kwenye meza za soko la mtaa wetu wa Kenya kando ya nyaya nzuri, katika mifuko inayofanana. Rangi haitakuambia tofauti, wala unene, wala jina la kampuni kubwa lililochapwa juu yake. Njia ya kuaminika ni kuujaribu waya kwa simu na kompyuta ambazo unajua zinasomana, na muuzaji asiyekubali ujaribu kabla ya kulipa amekwisha kukujibu.

Ikiwa waya ni mzima, tazama simu yenyewe. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu ikichomekwa kwenye kompyuta huchaji tu, hadi mwenye simu aamue vinginevyo. Fungua skrini kwa namba yako ya siri, vuta orodha ya arifa kutoka juu, gusa ujumbe unaotaja USB, kisha uchague kuhamisha faili, ambako simu zetu nyingi za hapa huandika «Transfert de fichiers». Mara nyingi ujumbe huo ndio utakaokuonyesha kosa liko wapi: ukitokea na kusema kwamba simu inachaji tu, waya unafanya kazi na kilichobaki ni chaguo lako, usipotokea kabisa, rudi kwenye waya au kwenye tundu. Chomeka pia moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyaji cha matundu manne ambacho tayari kimebeba kipanya, feni na modemu.

Simu haishiki kwenye mashini. Nifanye nini? (Bila jina, Lubumbashi)

Badilisha waya, fungua skrini, chagua «Transfert de fichiers». Ikishindikana, andika tena na useme ni simu gani na mashini gani.

Kompyuta inaionyesha simu kwa jina, lakini nikiifungua naona folda tupu. Sura mbili za mémoire yangu, tasnifu ya chuo, ziko humo. (Mwanafunzi, Kasapa)

Skrini imefungwa. Simu iliyofungwa kwa namba ya siri huonyesha jina lake tu na kuficha yaliyomo, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Ifungue, subiri kidogo, kisha ufungue folda upya. Ikiwa Windows yako ni toleo lenye herufi N mwishoni mwa jina, jua kwamba toleo hilo huja bila vifaa vya midia ambavyo usomaji wa simu unavitegemea, na itakubidi uviongeze kutoka katika orodha ya vipengele vya hiari vya Windows. Kwenye kompyuta ya Mac, simu ya Android haitaonekana bila programu ya ziada kama OpenMTP, hata ukibadilisha nyaya mpaka kesho.

Lipo ambalo hukuuliza. Usikate faili kwenye simu na kuibandika kwenye kompyuta. Inakili, ifungue kwenye kompyuta uhakikishe inasomeka hadi ukurasa wa mwisho, na ndipo uifute kwenye simu ukitaka. Simu haiunganishwi kama flashi. Inazungumza na kompyuta kwa utaratibu uitwao MTP, na mazungumzo hayo yakikatika katikati unaweza kubaki na faili nusu upande mmoja na hakuna kitu upande wa pili. Katika mji ambamo umeme hukatika bila kubisha hodi, na ambamo betri za kompyuta mpakato zilizonunuliwa zikiwa zimetumika hazishiki chaji hata kidogo, hilo hutokea. Na mémoire isiyo na nakala mahali pa pili, mwanangu, haijaandikwa bado.

Fundi anasema simu yangu haisomwi na kompyuta kwa sababu mfumo umeharibika, na dawa ni ku-formater, yaani kuifuta yote. Ina picha za harusi ya binti yangu. Nikubali? (Mama, Ruashi)

Hapana, Mama, usikubali.

Nimeandika juu ya jambo hili mara nyingi, na nitaendelea kuliandika maadamu kuna watu wanaopoteza picha za wazazi wao waliokufa kwa sababu ya waya mbovu. Simu inayowaka, inayopiga, inayofungua picha na kutuma ujumbe si simu ambayo mfumo wake umeharibika. Kosa likiwa kwenye muunganisho tu, lina makao machache ya kawaida: waya, tundu la simu, tundu la kompyuta, chaguo la USB kwenye simu, au kiendeshi upande wa kompyuta, yaani programu ndogo inayoiwezesha kuitambua simu. Kuifuta simu hakugusi waya, hakusafishi tundu na hakurekebishi kompyuta. Fundi anayependekeza ufutaji kabla ya kujaribu waya wa pili na kompyuta ya pili hajachunguza lolote. Ametaja kazi anayoijua.

Kinachofutwa kwa njia hiyo hakirudi. Simu za miaka hii huhifadhi kila kitu kwa maandishi ya siri, na ufutaji huharibu ufunguo wa kuyasomea, kwa hiyo programu zinazojigamba kurudisha picha baada ya hapo zinakuuzia matumaini. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2015 Android ina kinga dhidi ya wezi: simu ikifutwa bila mwenyewe kuondoa akaunti, ikiwaka tena hudai akaunti ya Google iliyokuwamo kabla. Wengi wetu akaunti hiyo tulifunguliwa na kijana wa dukani siku ya kununua, nenosiri hatulijui, na kijana mwenyewe amekwisha kuhamia Kolwezi. Unaweza basi kutoka kibandani bila picha na bila simu.

Fanya hivi, kwa utaratibu. Ukiwa nyumbani, omba waya wa mtu ambaye simu yake inasomwa na kompyuta. Ukishindwa, peleka simu kwenye kompyuta nyingine kabisa. Ikiwa kompyuta nyingine inaisoma, basi mgonjwa ni kompyuta yako: ifungue sehemu ya kusimamia vifaa, ambayo kwa Kifaransa ni «Gestionnaire de périphériques», ondoa simu katika orodha hiyo, chomoa waya, washa kompyuta upya na uchomeke tena. Na hata kama hakuna kompyuta yoyote inayoisoma, picha zako bado hazina haja ya waya. Zinaweza kwenda kwenye kadi ya kumbukumbu ikiwa simu ina nafasi yake, au kwenye simu ya binti yako kwa Bluetooth au kwa kushirikishana faili kwa Wi-Fi, ambako hakuhitaji kuwa na mega hata moja ya intaneti. Bluetooth ni ya polepole, lakini usiku mmoja wa kungoja si kitu mbele ya harusi. Picha zikishakuwa mahali pawili, fundi na afanye anavyotaka.

Sina ugomvi na mafundi wa mji huu. Wapo wanaobadilisha tundu la kuchajia kwa mkono ambao ningeuamini na simu yangu mwenyewe. Nina ugomvi na desturi ya kumwachia fundi simu iliyofunguliwa pamoja na namba ya siri iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi, wakati akaunti ya pesa ya mteja imo ndani na kazi yenyewe ni kubadilisha tundu.

Muunganisho unashika na kuachia kila ninapogusa waya. (Msomaji, Kipushi)

Ni vumbi. Kiangazi chetu cha kuanzia Mei hujaza udongo mwekundu kila penye uwazi, na nyuzi za mfuko wa suruali hukamilisha kazi: kila unapochomeka waya unazishindilia chini ya tundu hadi waya haufiki mwisho. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao au cha plastiki, na ukwangue taratibu kwenye kingo ukiliepuka bapa la katikati, kwa kuwa ndilo lenye pini za tundu la aina ya C. Sindano hapana, kipini cha nywele hapana, pamba iliyoloa maji hapana, na kupuliza kwa mdomo kunaingiza mate. Ikiwa baada ya kusafisha waya bado unacheza ndani ya tundu, na nyaya nyingine nazo zinacheza, hapo ndipo pa kumlipa fundi.

Kwenye iPhone naona picha tu, na hata hizo zinakatika katikati ya kunakili. Nyaraka zangu ziko wapi? (Ndugu wa Kampemba)

Windows ikiunganishwa na iPhone huonyeshwa folda ya picha na video peke yake; nyaraka hupitia programu ya Apple iliyowekwa kwenye kompyuta, na si programu zote za simu zinazozitoa kwa njia hiyo. Kwanza hakikisha umekubali swali ambalo simu huuliza, kama unaiamini kompyuta hiyo, na kwamba umeandika namba ya siri.

Kukatika katikati kuna sababu inayojulikana. Simu hizo huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC na, zisipoambiwa vinginevyo, hujaribu kuzigeuza ziwe JPEG wakati uleule wa kunakili, na zinapokwama Windows hutoa ujumbe wa kosa. Katika mipangilio ya Picha, sehemu ya kuhamishia kwenye Mac au PC, chagua kubakiza nakala halisi. Na kama umeruhusu iCloud, hifadhi ya Apple ya mtandaoni, ibane nafasi, baadhi ya picha hazimo kwenye simu kabisa. Waya hauwezi kuleta kisichokuwamo.

Naweza kuipa kompyuta intaneti ya simu kwa waya badala ya Wi-Fi? (Mfanyakazi wa ofisi, Kamalondo)

Unaweza, na mara nyingi ni imara kuliko Wi-Fi, tena simu inachaji wakati huohuo: washa ushirikishaji wa muunganisho kupitia USB katika mipangilio ya mtandao. Lakini kabla ya hapo iambie Windows kwamba huo ni muunganisho wenye kipimo, «connexion limitée», kwa sababu usipoiambia itadhani iko kwenye intaneti isiyo na mwisho na itaanza kupakua masasisho yake kwa mega zako. Wale wanaoniandikia kwamba kampuni ya simu «imekula» forfait yao, kifurushi cha intaneti, ndani ya saa moja wangeanza kwa kuikagua kompyuta yao.

Naogopa kuchaji simu kwenye kompyuta za saluni na za cyber. Ni hatari kweli? (Dada wa Kenya)

Kuchaji peke yake si hatari kubwa, mradi skrini ibaki imefungwa na ukatae kila swali simu inapokuuliza kama uruhusu data au uiamini kompyuta. Hatari huwa kubwa kwa wale ambao kijana fulani aliwawashia «Débogage USB» ili kuweka programu fulani, kisha hakuizima. Chaguo hilo huipa kompyuta iliyoruhusiwa mamlaka mapana juu ya simu. Ingia kwenye mipangilio ya watengenezaji programu uizime leo. Kinachosambaa hasa kwenye kompyuta za kuchapia ni virusi vinavyoficha folda za flashi na kadi za kumbukumbu na kuweka njia za mkato za uongo mahali pake. Ukienda kuchapisha CV, usipeleke kadi iliyobeba maisha yako yote.

Nimenunua waya wa USB 3 wenye ncha ya buluu, lakini kunakili bado ni polepole. (Mpiga picha, Lubumbashi)

Simu nyingi za bei ya kati, ingawa zina tundu la aina ya C, ndani bado ni USB 2.0, ambayo kikomo chake ni megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi na pungufu ya hapo mezani. Hata iPhone 15 ya kawaida ya mwaka 2023 iko hapo. Umbo la tundu halisemi kasi. Aidha, faili ndogo elfu moja huchukua muda mrefu zaidi kuliko video moja yenye uzito uleule.

Picha za WhatsApp sizioni kwenye kompyuta. (Wengi)

Tangu Android 11 zinakaa kwenye folda ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp. Nimekwisha kulijibu hili. Likateni mlibandike ukutani.

Kioo cha simu yangu kimevunjika na hakishiki mguso. Waya unaweza kunitolea picha? (Baba, Likasi)

Ikiwa simu ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri, waya peke yake hautoshi, kwa sababu yote niliyosema juu kuhusu skrini iliyofungwa yanakuhusu wewe pia. Kama kioo bado kinaonyesha picha ingawa hakihisi kidole, nunua kiunganishi kidogo cha OTG, chomeka kipanya cha kompyuta kwenye simu, na mshale utatokea. Kwa mshale huo andika namba ya siri, kisha hamisha picha kwa Wi-Fi, kwa kuwa tundu la simu litakuwa limeshikwa na kipanya. Kama kioo ni cheusi kabisa, badilisha kioo. Ukimpelekea fundi, mwambie kwa maneno yanayosikika, na mbele ya shahidi, kwamba unataka kioo tu na kwamba simu isifutwe.