Maswali Yenu Kutoka Japani: Jirani wa Kobe Hapigi Hodi

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja: hawa Wajapani, mtu anaishi nao vipi mlango kwa mlango? Nimefurahi, kwa kuwa jambo hilo nalijali kuliko treni za kasi na vyoo vyenye vitufe ambavyo kila mgeni huvisimulia. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu. Najua wako wengi wanaofunga mabegi sasa hivi wakiwa na hofu hiyohiyo.

SWALI: Dada, shikamoo. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili katika mji wa Kobe, naondoka Septemba. Kaka mmoja aliyerudi kutoka Tokyo ameniambia kule mtu hukaa miaka bila kulijua jina la jirani yake, na ukimsalimia anatazama chini. Mimi nimekulia Kondoa, mlango wetu haufungwi mpaka usiku. Nitaishije na watu wa namna hiyo?
Kijana wa Kondoa

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Kaka yako amesema kweli ya mahali alipoishi. Kwenye majengo ya vyumba vya mtu mmojammoja Tokyo, wapangaji wanaingia na kutoka, hata Mjapani hamjui Mjapani mwenzake. Lakini Kobe bado ina mitaa ya watu waliozeeka pamoja, nami naishi katika mtaa mmojawapo, huku Nada, upande wa mashariki wa mji, chini ya milima ya Rokko. Mji umebanwa kati ya mlima na bahari kiasi kwamba watu hawaelekezani kwa kaskazini na kusini. Wanasema upande wa mlimani, upande wa baharini, na utakuta vibao vya hivyo hata ndani ya maduka makubwa. Mimi mtu wa Pangani niliyazoea upesi.

La kwanza ujue kwamba ujirani wa huku hauanzi na mazungumzo. Kwetu tunaulizana habari za nyumbani, za kazi, za watoto, ndipo tunafika kwenye shida ya chumvi. Huku kazi na vitu vinatangulia, maneno yanafuata baadaye sana, na wengine hawafiki kwenye maneno kabisa na bado ni majirani wazuri. Ukihamia, wiki hiyohiyo piga kengele kwa jirani wa kulia na wa kushoto, na kama ni ghorofa, wa juu na wa chini pia. Chukua taulo dogo au sabuni ya kufulia iliyofungwa vizuri. Taja jina lako, taja chumba chako, inama, ondoka. Usingoje kukaribishwa ndani wala usione vibaya usipokaribishwa. Vijana wengi wa Kijapani wenyewe wameacha desturi hii, kwa hiyo wewe mgeni ukiifanya, wazee wataikumbuka.

Kisha kuna takataka, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini. Kobe ina mifuko rasmi ya manispaa tangu 2008, unainunua dukani. Takataka za kuchomwa zinachukuliwa mara mbili kwa wiki, plastiki zina siku yake, chupa na makopo siku yake. Unazipeleka asubuhi ya siku yenyewe, kabla ya saa mbili, kwenye kituo cha mtaa, na unazifunika kwa wavu kwa sababu ya kunguru, ambao huku ni wakubwa na wana midomo ya kupasua chochote. Gari likishapita, wavu huo unakunjwa na mahali hapo panafagiwa. Usidhani anayefagia ni mfanyakazi wa manispaa. Ni majirani, kwa zamu. Ukikuta kibao kimening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wako, zamu ni yako. Toka na ufagio. Watu ambao hawajawahi kukutazama usoni watakuona pale, na kuanzia siku hiyo utakuwa mtu wa mtaa ule.

Pia liko faili la chama cha mtaa. Linatoka nyumba hadi nyumba likiwa na matangazo: zoezi la zimamoto, siku ya kufyeka majani, msiba wa mzee fulani. Unasoma, unaweka alama kwamba umeona, unalipeleka kwa anayefuata. Wengi wanaliacha mlangoni tu. Mimi huwa napiga kengele, kwa sababu jirani yangu wa upande wa mlimani ana zaidi ya miaka themanini na anaishi peke yake, na faili linanipa sababu ya kumwona uso wake.

Mama huyo hajawahi kuingia kwangu. Nimemkaribisha, anashukuru, anainama, anabaki kizingitini. Lakini mwanzo wa Machi, ukiingia msimu wa ikanago, yeye ndiye wa kwanza kufika. Ikanago ni dagaa wadogo sana, wembamba kuliko wale wa Kigoma, weupe wa kupitisha mwanga, wanaovuliwa katika bahari ya ndani ya Seto. Kina mama wanapanga foleni kwa muuza samaki asubuhi, kwa maana samaki hao lazima wapikwe siku hiyohiyo. Niliruhusiwa kusimama jikoni kwake nikatazama. Anachemsha mchuzi wa soya na sukari ya chenga kubwa, anatia tangawizi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, kisha anawaachia dagaa kidogokidogo na hawagusi tena. Ukikoroga wanakatika. Anawafunika kwa karatasi ya alumini yenye tundu katikati, na moto unafanya kazi mpaka mchuzi wote umekauka. Mwisho anawamwaga kwenye ungo na kuwapepea kwa upepeo mpaka wanang'aa, rangi ya kahawia, wamejikunja. Wiki hiyo mtaa mzima unanukia tangawizi na sukari.

Watu wengi hutia pia mirini, kileo kitamu cha kupikia. Alipojua kwamba mimi ni Mwislamu hakusema neno. Mwaka uliofuata kopo langu lilikuja na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono: hili halina mirini. Alikuwa amepika sufuria yangu peke yake kwanza. Miaka hii ikanago wamepungua mno, msimu umekuwa wa siku chache na bei imepaa, na bado kopo linakuja, dogo kuliko zamani. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, na wazee wa huku nao walilelewa hivyohivyo, basi mimi narudisha na kaimati au visheti. Hatujawahi kukaa tukazungumza saa nzima. Lakini anajua nisichokula, na mimi najua pazia lake hufunguliwa saa kumi na mbili unusu, na lisipofunguliwa nitakwenda.

Usilichukulie hili kuwa jambo dogo. Tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika arobaini na sita alfajiri, tetemeko liliupiga mji huu na miji ya jirani. Walikufa watu 6,434, wengi wao wakiwa wamefunikwa na nyumba zao, na Nada iliumia sana. Vikosi vya uokoaji havikuwa na uwezo wa kufika kila mahali, barabara zilikuwa zimekatika na moto unawaka. Wengi wa waliotolewa hai kwenye vifusi walitolewa na jamaa na majirani kwa mikono na majeki ya magari. Kule kisiwa cha Awaji, karibu kabisa na kitovu, wanavijiji walijua hata mzee fulani hulala chumba kipi, wakachimba palepale. Kila mwaka alfajiri ya tarehe hiyo watu wanawasha taa katika bustani iliyo jirani na ofisi za jiji. Nenda mwaka wako wa kwanza, usimame nao. Ukiwasikiliza wazee wa huku ndipo utaelewa kwa nini faili lile lazima lizunguke na kwa nini wanataka kujua nani anaishi wapi, ingawa hawakuulizi umeamkaje.

SWALI: Bi mdogo, mimi ni mama wa Mombasa. Binti yangu, mume wake na mtoto wao wako Yokohama. Wametiliwa karatasi kwenye sanduku la barua ikisema wapangaji wapunguze kelele. Binti analia, anasema majirani wanawachukia kwa kuwa ni Waafrika, kwa nini wasije kumwambia uso kwa uso? Mimi huku moyo umeniuma.
Mama Kibokoni

JIBU: Pole sana mama, na shikamoo. Mwambie binti afute machozi kwanza, kisha aisome karatasi ile vizuri. Bila shaka haikutaja chumba wala jina, na huenda majirani zake wote wameipata. Ndivyo inavyofanyika huku: mwenye malalamiko anaiambia kampuni inayosimamia jengo, nayo inawaandikia wapangaji wote, ili asiaibishwe mtu. Kwetu kwenda kwa mtu mwenyewe ndiyo heshima. Huku kumkabili jirani mlangoni kwake ni jambo zito, linafanywa mambo yakishaharibika. Siwezi kuapa kwamba hakuna ubaguzi Japani, upo, na wenye nyumba wengine wanakataa wageni waziwazi. Lakini karatasi peke yake si dalili yake.

Na kelele zenyewe, mama, nyumba nyingi huku zina kuta na sakafu nyembamba. Mtoto akikimbia, aliye chini anasikia kila hatua. Aweke zulia nene la mpira wanapochezea, asiwashe mashine ya kufulia usiku, na viti avivalishe soksi za miguu, zinauzwa kila mahali. Kisha achukue boksi dogo la biskuti, amshike mtoto mkono, wateremke wote wawili kwa jirani wa chini. Aseme tu kwamba ana mtoto mdogo na anaomba radhi kwa usumbufu. Wajapani wenye watoto wanafanya hivyohivyo. Mtoto awepo, tafadhali. Watu wengi huvumilia hatua za mtoto wanayemjua sura kuliko za mtoto wasiyemjua.

SWALI: Mjukuu wangu amefikisha miaka sita, ameanza darasa la kwanza Osaka. Nasikia anakwenda shule kwa miguu bila mzazi. Hawa wazazi wana akili timamu?
Bibi, Bujumbura

JIBU: Bibi, wanayo, na mtoto hayuko peke yake. Shule ndiyo inayochagua njia ya kupita na mtoto haruhusiwi kuiacha. Simama kwenye njia hiyo asubuhi utawaona wazee wamevaa vizibao vya kung'aa, wameshika bendera za njano kwenye vivuko, mvua ije jua lije. Wengi ni wastaafu wa mtaa wanaojitolea, na wazazi nao wana zamu zao. Watoto wa darasa la kwanza kwa kawaida hupewa kofia au kifuniko cha begi cha njano ili dereva awaone kwa mbali. Begini huning'inizwa king'ora kidogo cha kuvuta kamba. Tena kuna nyumba na maduka yaliyobandika alama kwamba mtoto mwenye hofu akimbilie hapo. Kwetu zamani mtoto wa mmoja alikuwa wa wote, na mtaa mzima ulimkanya. Huku jambo hilo wamelipangia ratiba. Mwulize mjukuu jina la babu wa kivukoni, utashangaa kwamba analijua.

SWALI: Je, Mwislamu anapata pa kusali na cha kula huko Kobe?
Msomaji, Unguja

JIBU: Anapata. Msikiti wa Kobe ulifunguliwa 1935, ni wa kwanza Japani, na ulibaki umesimama baada ya mabomu ya 1945 na baada ya tetemeko la 1995. Uko mwendo wa miguu kutoka kituo cha Sannomiya, na maduka ya nyama ya halali yako palepale jirani. Ramadhani utafuturu na watu wa kila taifa. Dukani kwingine jifunze kusoma maandishi ya nguruwe, pombe na jelatini kabla ya kujifunza mashairi, maana mafuta ya nguruwe yanaingia hata kwenye mkate.

SWALI: Nakwenda kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu. Niwachukulie zawadi gani wenzangu wa ofisini?
Mhandisi, Arusha

JIBU: Korosho za kukaanga au kahawa. Kahawa ya Tanzania wanaijua vizuri, huku inauzwa kwa jina la Kilimanjaro, na watafurahi kuipata kwa mtu anayeuona mlima wenyewe. Muhimu ni kwamba iwe katika vipakiti vidogo, kila mtu chake, pamoja na yule anayekaa mwisho wa chumba ambaye hamtafanya naye kazi. Hesabu watu kabla ya kugawa, ongeza viwili vitatu. Nyama kavu ya aina yoyote na maembe viache nyumbani, vitaishia uwanja wa ndege.