Sanduku la Waandishi: Hadithi yangu niipeleke wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa waandishi wa kujitegemea wanaotafuta majarida, mashindano na tamasha za kupeleka kazi zao. Tumechagua sita.

*Salaam aleikum. Nina miaka 23 na naandika hadithi fupi kwa Kiswahili. Kila tangazo la shindano ninaloliona limeandikwa kwa Kiingereza. Je, sisi wa Kiswahili tuna pa kwenda?*
M.S., Likoni

Aleikum salaam, ndugu yetu. Mnapo. Kosa la wengi ni kuliona tangazo ni la Kiingereza wakaliacha, kumbe lugha zinazopokewa zimetajwa chini kabisa kwenye masharti. Fungua ukurasa wa masharti kwenye simu, bonyeza zile nukta tatu za pembeni, chagua kutafuta ndani ya ukurasa, kisha andika "Swahili". Usiandike "Kiswahili" peke yake, kwa sababu wageni wengi hulitaja jina la lugha yetu bila "Ki" na utafutaji wako utarudi mikono mitupu.

Ukifanya hivyo kwenye Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, utaikuta lugha yako. Tuzo hiyo hupokea hadithi iliyoandikwa kwa Kiswahili chenyewe, wala hailazimu uitafsiri kwanza. Haina ada. Mwandishi awe raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, na Kenya imo, awe ametimiza miaka 18, na alete hadithi moja tu ya maneno 2,000 hadi 5,000 ambayo haijachapishwa. Mshindi wa kanda hupata pauni 2,500 na mshindi wa jumla pauni 5,000. Dirisha kwa kawaida hufunguliwa Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Novemba, kwa hiyo hadithi nzuri ya kupeleka ni ile uliyoimaliza Juni, ukaiweka, ukairudia Agosti ukiwa na jicho jipya. Na mpaka wa maneno si ushauri. Hadithi ya maneno 5,040 inaweza kutolewa kabla jaji hajaisoma sentensi ya kwanza.

Ukiwa na mswada wa kitabu kizima, riwaya au diwani, iangalie Tuzo ya Safal ya Fasihi ya Kiswahili. Ilianzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na zawadi zake zilikuwa jumla ya dola 15,000. Hayo mabati ya kwenye jina ni ya kampuni ya Mabati Rolling Mills, ile yenye kiwanda Mariakani, safari fupi kutoka kwako. Tuzo hii imewatoa waandishi ambao miswada yao ilikuwa kabatini, na kwa maoni yetu hakuna jambo jema zaidi lililofanyiwa uandishi wa Kiswahili katika miaka hii.

Kuna milango ambayo si yako kwa sasa, na ni vizuri uijue usipoteze muda. Tuzo ya Caine imejulikana kwa hadithi zilizokwisha kuchapishwa kwa Kiingereza, na anayezipeleka ni mchapishaji. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, ya Chama cha Wachapishaji wa Kenya, ni ya vitabu vilivyokwisha kutoka. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ni ya Watanzania.

Hapa mjini Mombasa, fuatilia matangazo ya Hekaya Arts Initiative, taasisi ya fasihi, na ya Swahilipot Hub, kituo cha sanaa na teknolojia cha vijana. Kwa majarida ya nje, tovuti ya Submission Grinder ni ya bure na hukuonyesha jarida lipi limefunguliwa na huchukua siku ngapi kujibu, ila mengi humo ni ya Kiingereza.

*Mimi ni mzee wa Mji wa Kale. Nimepeleka shairi gazetini mara tatu, halijatoka. Ubeti wa kwanza unaanza hivi: "Barua nimeipata, maneno yote nimesoma." Kosa langu ni lipi?*
A.B.

Shikamoo, mzee wetu. Tuuhesabu mshororo pamoja. Ukwapi, yaani nusu ya kwanza: ba-ru-a-ni-me-i-pa-ta, mizani (silabi) 8, umetimia. Utao, nusu ya pili: ma-ne-no-yo-te-ni-me-so-ma, mizani 9. Mishororo mingine uliyotuletea ina 8 kwa 8, kwa hiyo huu wa kwanza umezidi kwa mzani mmoja, na mhariri wa ushairi huliona hilo kabla ya kuliona jambo lolote lingine. Ukisema "maneno nimeyasoma" utapata 8, kina cha "ma" kitabaki pale pale, na maana haikupotea.

Panapokosewa sana ni kwenye herufi za mwanzo. "Mtoto" ni mizani mitatu, m-to-to, kwa kuwa hiyo "m" hutamkwa peke yake. "Nchi" ni miwili. Lakini "mbuzi" na "ndugu" ni miwili miwili tu, mbu-zi na ndu-gu. Mwenye kuandika kwa kusikia huyajua haya bila kufundishwa. Anayehesabu kwa macho hukwama.

Jambo la pili, mzee wetu, ni umbo la barua. Picha ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono humlazimu mhariri aichape upya, naye ana mashairi mengi yaliyokwisha kuchapwa mezani. Mpe mjukuu achape ndani ya baruapepe yenyewe, kila mshororo kwenye mstari wake, beti sita au saba, halafu jina lako kamili, lakabu yako na mji. Taifa Leo limekuwa na ukurasa wa mashairi ya wasomaji kwa miaka mingi, na ukurasa ni ule ule mmoja. Shairi la beti 14 linahitaji nafasi ya washairi wawili. Shairi la tukio, kama Ramadhani au Siku ya Kiswahili Duniani ya tarehe 7 Julai, litangulie wiki tatu au nne.

*Hadithi yangu niliiweka Facebook, ikapendwa sana. Sasa nataka kuiingiza kwenye shindano linalotaka kazi "isiyochapishwa". Nikiifuta, itakubalika?*
Bi. Z., Kisauni

Dada yetu, kwa mashindano mengi jibu ni hapana, hata ukiifuta. Kuchapishwa huhesabika pale kazi ilipowekwa hadharani kwa yeyote kuisoma, iwe ni gazetini, kwenye blogu au kwenye ukurasa wako. Kuifuta hakutoshi kwa sababu mbili: nakala hubaki kwenye mitambo ya utafutaji na kwa waliosambaza, na waandaaji huichukua sentensi moja ya hadithi iliyofika fainali wakaitafuta mtandaoni. Ikigunduliwa baada ya majina kutangazwa, aibu ni kubwa kuliko kukataliwa kimya kimya.

Kundi dogo la WhatsApp la waandishi wanaosomeana ni jambo jingine, na waandaaji wengi hawalihesabu. Ukiwa na shaka, waulize kwa sentensi moja: kazi iliwekwa wapi, lini, na iliondolewa lini. Jibu lao lihifadhi.

Hadithi yako haijafa. Yako majarida yanayopokea kazi iliyowahi kutoka, mradi useme ukweli na haki iwe bado yako. Hakimiliki ilikuwa yako tangu ulipoiandika, na chini ya sheria ya Kenya huendelea hadi miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Facebook haikuichukua. Kilichokwisha ni ile haki ya kuwa wa kwanza kuitoa, ambayo ndiyo majarida huinunua. Kuanzia leo, ukitaka wasomaji wakuonje, weka aya mbili, nyingine zibakize.

*Nimetumiwa ujumbe kuwa shairi langu, ambalo sikumbuki kulipeleka popote, limechaguliwa kwa diwani, nitume shilingi 2,500 za usajili kwa M-Pesa. Nitume?*
K.J., Changamwe

Usitume, ndugu. Hukumbuki kupeleka shairi, vipi lichaguliwe? Na hata ungelipeleka, mchapishaji halali humlipa mwandishi au humpa nakala za bure. Hamwombi mwandishi pesa ili amtoe. Wanaofanya biashara hii huwachagua wote, kisha huwauzia kitabu wao wenyewe na jamaa zao.

Ada ya kuingia shindano ni suala tofauti kidogo. Majarida mengine ya Marekani hutoza dola chache nayo ni ya kweli. Kabla ya kulipa tafuta mambo manne: majina ya majaji, washindi wa miaka iliyopita, kiasi cha zawadi kilichoandikwa, na kifungu cha haki. Hicho cha mwisho kisome polepole. Kikisema kila aliyeshiriki, hata asiyeshinda, amewapa waandaaji haki zote za kazi yake, ondoka, hata kama kuingia ni bure. Tovuti ya Writer Beware huorodhesha hila za namna hii.

*Natamani kusoma mashairi yangu kwenye tamasha. Mtu hualikwa vipi?*
H., Mtwapa

Wageni wakuu hualikwa miezi mingi kabla, na wengi huwa na kitabu. Wewe ingia kwa warsha, kwa jukwaa huria au kwa shindano. Tamasha ya Utamaduni ya Lamu, ambayo mara nyingi hufanyika Novemba, huwa na mashindano ya mashairi pamoja na ya majahazi na punda. Anza kuulizia kwa kaunti ya Lamu mapema, si wiki ya tamasha. Hapa Mombasa iko Swahili Literary Festival ya Hekaya.

Andaa rekodi ya dakika tatu, sauti safi, feni na redio zikiwa zimezimwa, na wasifu wa maneno 80. Ukialikwa, uliza kwa maandishi nani analipa nauli, malazi na posho. Hakuna utovu wa adabu hapo.

*Masharti yanasema mwisho ni "23:59 GMT, 30 Juni". Hiyo ni saa ngapi kwetu?*
Mwanafunzi, Tudor

Sisi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo ni saa 8:59 usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai. Ikiandikwa saa za New York, miezi hiyo ni saa 12:59 asubuhi yetu. Lakini peleka siku mbili kabla: siku ya mwisho mtambo huelemewa, na umeme wa mtaani tunaujua. Jina lako lisiwe ndani ya hadithi, kichwani mwa ukurasa wala kwenye jina la faili. Ukichapisha saiba, kagua pia sifa za faili, maana jina la mwenye kompyuta huweza kubaki humo kama mwandishi. Ukipata ujumbe wa kupokelewa, upige picha.