Kiungulia na kipimo cha kamera: swali la kumuuliza daktari mapema

Kwetu, kila anayeungua kifuani ana "vidonda vya tumbo". Jirani kakwambia, duka la dawa likakuuzia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, basi. Na mimi nilijua nina vidonda, hadi daktari aliponiandikia endoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Tumboni hakikuonekana hata kidonda kimoja. Kilichoonekana ni michubuko mwishoni mwa umio, pale asidi inapopanda.

Wengi hatuambiwi kwamba omeprazole huponya michubuko hiyo. Ukipimwa huku unaimeza kila siku, umio unaweza kuonekana safi, ukarudi nyumbani na jibu la "kawaida" na ugonjwa wako uleule. Hata bakteria wa H. pylori, wale wanaosababisha vidonda vya tumbo, wanaweza wasionekane. Kwa hiyo muulize daktari mapema kama uisimamishe, kwa kawaida wiki 2 hadi 4, lakini usijiamulie, hasa kama uliwahi kutokwa damu tumboni. Nilipoambiwa nisimamishe, nilijikimu kwa dawa ya maji ya kutuliza asidi, na usiku ulikuwa mrefu kweli.

Kipimo chenyewe kinatisha kwa maneno tu. Hakuna kula kwa saa 6 au zaidi, unapuliziwa dawa ya ganzi kooni, unalalia ubavu wa kushoto. Mpira hauzibi njia ya hewa. Pumua taratibu kwa pua. Utacheua sana, usione haya. Ukichomwa sindano ya usingizi, nenda na mtu wa kukurudisha, na siku hiyo usiendeshe chochote, hata pikipiki.

Omba ripoti yako uisome. Michubuko ya umio hupangwa kwa madaraja ya Los Angeles, A hadi D. A ni michubuko isiyozidi milimita 5, na hata mtu mzima wa afya anaweza kuwa nayo. D imezunguka angalau robo tatu ya umio. Yangu ilikuwa B. Ukiambiwa C au D, uliza utarudiwa lini kupimwa baada ya matibabu.

Na kama umio ni safi lakini bado unaungua, usikubali kuambiwa huumwi. Wagonjwa wengi wa kiungulia hawana michubuko. Kipo kipimo kingine cha kupima asidi kwa saa 24.

Ila chakula kikikwama, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au ukipata choo cheusi, usisubiri. Nenda hospitali leo.