Nilikuwa wa Kila Timu, Kazi Yangu Ikakosa Mwenyewe

Juzi nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji, binti aliye mwaka wa tatu kazini. Aliandika hivi: "Dada, niko kwenye timu sita. Nikitoka kikao hiki naingia kingine. Kazi yangu mwenyewe naishika watu wakishaondoka. Nikisema nimechoka, wataniona sina ushirikiano. Nifanyeje?"

Niliusoma mara nne. Lile neno "ushirikiano" lilinitonesha kidonda, kwa sababu miaka miwili ya maisha yangu ya kazi imeliwa na neno hilo hilo.

Kazi yangu ni kuchambua takwimu na kuandika ripoti. Ni kazi inayotaka utulivu. Ukikatizwa katikati ya jedwali lenye safu mia mbili, hurudi pale ulipoishia, unaanza upya. Nilipoajiriwa nilimsaidia mwenzangu mmoja aliyekwama kwenye hesabu zake, akafurahi, akamwambia mwingine. Baada ya miezi michache nikawa na sifa ofisi nzima: muulizeni yule, yeye hakatai. Nilijivunia sana sifa hiyo, siwezi kuficha. Ni nani asiyependa kuhitajika?

Kufikia katikati ya mwaka wa pili nilikuwa kwenye timu saba. Mbili nilipangiwa rasmi. Tano niliingia kwa ile kauli ya "tunakuhitaji dakika chache tu", na hakuna hata moja kati ya hizo tano iliyowahi kuniambia asante, sasa unaweza kwenda.

Kuna usiku mmoja sitausahau. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu, ripoti ya kurasa 40 inatakiwa asubuhi. Mradi huo tuliuanza watu 5, na kila ulipochelewa tuliongezewa watu, mpaka tukafika 12. Nikafungua rasimu. Sentensi moja kwenye ukurasa wa pili ilikuwa na maoni tisa pembeni. Wa kwanza anasema iondolewe. Wa pili anasema hiyo ndiyo roho ya ripoti. Wa tatu anauliza nani aliiandika. Wa nne anashukuru kwa kazi nzuri. Nikishamridhisha huyu, namkosea yule. Nilikaa nikiitazama karibu nusu saa, machozi yakaanza kunitoka. Sentensi yenyewe ilikuwa na maneno kumi na matatu.

Baadaye ndipo nilipokutana na hesabu iliyonifungua macho. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu za kompyuta pale kampuni ya IBM, aliieleza mwaka 1975. Watu 5 wakifanya kazi pamoja, ukihesabu kila wawili kuwa njia moja ya mawasiliano, njia kati yao ni 10. Wakiwa 10, njia ni 45. Wakiwa 12 kama sisi, ni 66. Watu hawajaongezeka hata mara tatu, lakini njia za kuulizana, kujibizana na kusubiriana zimezidi mara sita. Ndiyo maana alisema kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Wahenga walishasema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ila kwenye vikao vyetu methali iliyokuwa ikitajwa ni moja tu, kidole kimoja hakivunji chawa, na aliyeitaja zaidi alikuwa yule asiyewahi kuleta kidole chake.

Ripoti ilitoka. Kwenye kikao kikuu alishukuriwa mtu aliyeiwasilisha. Jina langu halikutajwa. Mwezi uliofuata ikaja tathmini ya mwaka, na karatasi yangu ilisomeka: ushirikiano: bora sana; matokeo binafsi: chini ya matarajio. Nilitia sahihi mkono ukitetemeka. Imepita miaka, na bado nikikumbuka sahihi ile kifua kinabana. Sitajifanya nimesahau.

Nikachukua likizo ya wiki mbili. Nililala, nikapumzika, nikarudi mwepesi. Siku ya tatu nilikuwa pale pale nilipokuwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa aina hii kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Halikuuita ugonjwa. Likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kujiona huna tena ufanisi. Mimi nilikuwa nazo zote, na ya tatu ndiyo iliyoniumiza kuliko nyingine, kwa kuwa niliamini kweli kwamba sijui kazi. Kumbe kazi sikuipa muda. Chanzo kilikuwa kimekaa kwenye kalenda yangu kikinisubiri, likizo ingekiondoaje?

Kilichonisaidia kilikuwa daftari. Kwa siku 10 za kazi niliandika kila nusu saa: Y kama ni kazi yangu, T kama ni ya timu. Katika saa 80, za timu zilikuwa 53. Zangu zilikuwa 16. Zilizobaki nilizitumia kujibu ujumbe, wala sikuweza kusema ni wa nani.

Nikaipeleka karatasi kwa mkuu wangu wa kitengo. Sikumwambia nimechoka. Nilimwambia, "Mkuu, saa zangu ziko hivi. Ripoti uliyonipangia inahitaji saa 40. Naomba tuamue pamoja zitoke wapi." Akaitazama kimya, kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja akauliza, "Kikundi hiki bado kipo?" Yeye mwenyewe ndiye aliyekiunda, akakisahau. Siku hiyo hiyo nilitoka kwenye timu tatu.

Kwa hiyo binti yangu, ushauri wangu wa kwanza ni hesabu. Usilalamike kabla hujahesabu. Malalamiko hujibiwa kwa pole, lakini saa zilizoandikwa hudai uamuzi.

Pili, jifunze kukataa mapema. Ukikubali leo kwa aibu ukachelewesha kesho, umemdhulumu mwenzako zaidi kuliko ungemwambia siwezi. Siku hizi mtu akiniita kwenye timu namuuliza jambo moja: mnataka taarifa, uamuzi, au mikono yangu? Kama ni taarifa, naandika aya mbili natuma, sihitaji kukaa kikao cha saa nzima. Kama ni mikono, namuuliza ni saa ngapi na mpaka lini. Wengi hapo hugundua hawajui. Na asubuhi, saa mbili hadi saa tano, ni zangu. Nimeziandika kwenye kalenda kama kikao, maana watu huheshimu kikao kuliko kazi.

Tatu, hesabu tena. Kila baada ya miezi mitatu mimi hurudi kwenye daftari, kwa sababu timu hurudi kimyakimya kupitia mlango ule ule wa dakika chache.

Na wewe unayeongoza watu, nisikilize. Mwaka 2016 watafiti Rob Cross, Reb Rebele na Adam Grant waliandika kwamba mara nyingi kati ya asilimia 20 na 35 ya ushirikiano wenye thamani kazini hutoka kwa asilimia 3 hadi 5 tu ya wafanyakazi. Mtu huyo yuko ofisini kwako. Unamfahamu, kwa sababu nawe humkimbilia jambo likikwama. Mtafute kabla ya tathmini, muulize yuko kwenye timu ngapi, kisha mtoe kwenye baadhi yake wewe mwenyewe, kwa sauti yako, mbele ya wenzake. Usimwachie yeye mzigo wa kuonekana mbaya. Na kazi yake ikisaidia, litaje jina lake.

Binti yangu, uliogopa kuonekana huna ushirikiano. Katika timu tatu nilizotoka, moja tu ndiyo iliyonitafuta tena, na walikuwa wanaomba faili ambalo lilikuwa tayari kwenye folda yao. Anza na daftari Jumatatu, siku 10, usiruke hata moja. Ukimaliza niandikie, tuangalie pamoja ni timu ipi uanze kuaga.